Habari za Mshairi Aliyeuliza Njia



Watu wa Kirando, na wote wakaao kando ya Ziwa Tanganyika upande huu wa Ufipa, waijua Kasanga, iliyo kusini yetu, karibu na mpaka wa Zambia. Zamani za Wadachi, yaani Wajerumani, palikuwa na boma mahali pale, nao waliliita Bismarckburg, maana yake ngome ya Bismarck. Twadhani kwamba wazee wengi waliopeleka kodi na kufanya kazi za boma lile hawakupata kuambiwa Bismarck ni nani. Alikuwa waziri mkuu wa Wajerumani, na katika siku zake hakuna mtu aliyeogopwa Ulaya kama yeye. Lakini yeye mwenyewe aliogopa kitu kimoja. Mwaka 1878 alitunga sheria ya kupiga marufuku vyama vya wasoshalisti katika nchi yake, pamoja na magazeti yao na vitabu vyao. Na sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 1890. Basi mtu yule ambaye jina lake lilitiwa juu ya boma la kwetu, mwenye majeshi na mizinga, alikuwa na hofu ya karatasi zilizopigwa chapa.

Wala si yeye aliyeanza. Kabla yake alikuwako mshairi mkubwa wa Kijerumani, jina lake Heinrich Heine, aliyezaliwa mjini Düsseldorf mwaka 1797. Huyu aliandika maneno makali juu ya wafalme na watawala, akaona hana raha kwao, na mwaka 1831 akahamia Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Mwaka 1835 serikali za Wajerumani zilikubaliana kuvipiga marufuku vitabu vyake na vya wenzake. Heine akaishi ugenini, akafia huko huko Paris mwaka 1856. Hata kufa kwake hakukumaliza maneno, kwa maana mwaka 1933, Hitler alipokwisha kutwaa nguvu, vitabu vyake vilikuwa miongoni mwa vile vilivyotupwa motoni na wafuasi wake.

Twazitaja habari hizi za Wajerumani kwa sababu mtu tunayetaka kumzungumza leo alifanya kazi ya ualimu miaka mingi katika mji mmoja wa Ujerumani. Lakini yeye si Mjerumani. Ni mtu wa Mombasa, Mswahili, na mashairi yake ni ya lugha hii hii tunayosema nanyi. Jina lake ni Abdilatif Abdalla. Tulipoanza kusoma mashairi yake pamoja na wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu, mmoja wao alituuliza: Je, mtu aweza kufungwa miaka mitatu kwa sababu ya kuandika? Jibu la swali lake ndilo mazungumzo ya leo.

Abdilatif alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Nyumbani kwao ushairi haukuwa jambo la kwenda kujifunza kwa watu wa mbali. Ulikuwa kama chumvi katika chakula. Alilelewa na mzee wa jamaa zake, Ahmad Basheikh, naye alikuwa mshairi. Ndugu yake mkubwa, Ahmad Nassir Juma Bhalo, alijulikana pwani nzima kwa jina la Malenga wa Mvita. Ndugu yake mwingine, Sheikh Abdilahi Nassir, alikuwa mtu wa elimu ya dini na wa siasa, naye alikuwa katika wajumbe waliokwenda London mwaka 1962, wakati wa kujadili mambo ya uhuru wa Kenya na hali ya mwambao wa pwani. Basi kijana huyu alikua akisikia mambo mawili kila siku: shairi likitungwa, na mambo ya nchi yakijadiliwa.

Na watu wa Mombasa hawakuyatenga mambo haya mawili. Zaidi ya miaka 100 kabla yake aliishi mjini humo Muyaka bin Haji, naye alitunga mashairi katika siku za ugomvi wa Wamazrui na Seyyid Said wa Unguja, mpaka Mombasa ilipoangukia mikononi mwa Seyyid Said mwaka 1837. Shairi lilikuwa silaha, tena lilikuwa baraza. Mtu aliweza kumwambia mtawala neno ambalo akilisema kwa maneno matupu atakatwa kichwa, ila akilifumba kwa mfano wa chombo cha baharini au wa mnyama, mwenye kuelewa ataelewa, na mwenye kukasirika hana la kushika.

Kijana Abdilatif aliposoma vya kutosha alipata kazi ya ukarani katika Baraza la Mji wa Mombasa. Aliandika hesabu mchana. Katika wakati wake mwingine alitunga utenzi mrefu juu ya maisha ya Adamu na Hawaa, ambao ulipigwa chapa mwaka 1971. Mtu angemwona siku zile angemdhani kijana mtulivu, mwenye kupenda dini na vitabu, atakayezeeka katika ofisi ile. Haikuwa hivyo.

Hapa yatupasa kueleza mambo ya Kenya kwa ufupi. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na mkuu wake alikuwa Mzee Jomo Kenyatta wa chama cha KANU. Makamu wake alikuwa Jaramogi Oginga Odinga. Watu hawa wawili walikuwa marafiki wakati wa kupigania uhuru. Hata walipotwaa nchi wakakosana juu ya ardhi, juu ya mali, na juu ya urafiki na mataifa ya nje. Mwaka 1966 Odinga alijiuzulu, akaanzisha chama kipya, Kenya People's Union, kwa ufupi KPU. Tangu siku ile chama hicho kilifuatwa kwa kila namna. Mwaka 1968, ulipofika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya, karatasi za wagombea wa KPU zilikataliwa, ikasemwa kwamba hazikujazwa sawasawa. Na watu wa KANU wakapita bila kupingwa.

Mtu akiwa na ugomvi na mwenziwe shambani, wakapelekana kwa wazee, kisha wazee wakamwambia mmoja wao kwamba hawatamsikiliza kwa kuwa hakuketi vizuri, je, huyo atarudi nyumbani moyo wake umetulia? Ndivyo walivyokuwa vijana wengi wa Kenya mwaka ule. Na Abdilatif, ambaye alikuwa mfuasi wa KPU, alikuwa mmoja wao.

Akaanza kuandika nyaraka za siri, nazo zilikuwa zikienezwa mjini kwa mkono. Ule uliomtia mashakani uliandikwa mwezi wa Novemba 1968, na kichwa chake kilikuwa swali: Kenya: Twendapi? Yaani, enyi watu wa Kenya, tunakwenda wapi? Ndani yake alisema kwamba serikali inageuka kuwa ya mabavu, na kwamba raia wasikae kimya, bali wasimame kuipinga. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Hatutaki kuwadanganya wasikilizaji wetu. Waraka ule haukuwa wa maneno laini. Ni maneno ya kijana aliyekasirika, na mtu mzima akiusoma leo aweza kusema kwamba mahali fulani angeyapunguza makali. Tena serikali ya Kenya nayo ilikuwa na hofu zake: nchi ilikuwa na umri wa miaka 5 tu, na huko kaskazini vita vya Washifta vilikuwa vimekwisha juzi juzi. Haya yote twayakubali. Lakini hofu ni kitu kimoja na hatia ni kitu kingine. Aliyeuliza njia hakuiba, hakuua, wala hakuchoma nyumba ya mtu. Serikali ingaliweza kumjibu kwa waraka mwingine. Ilikuwa na magazeti, ilikuwa na redio, ilikuwa na wasemaji mahodari. Haikumjibu. Ilituma polisi.

Alikamatwa Desemba 1968, akashitakiwa kwa kosa la uchochezi. Na sheria ya uchochezi, mabwana na mabibi, haikuwa sheria mpya iliyotungwa na Waafrika baada ya uhuru. Ilikuwa urithi wa ukoloni. Waingereza ndio waliokuwa wakiitumia juu ya wale waliodai uhuru, na waliodai uhuru walipokalia viti vya Waingereza waliikuta sheria ile mezani, nao hawakuitupa. Jambo hili twaliona la kusikitisha kuliko hukumu yenyewe, maana Mzee Kenyatta naye alikuwa amefungwa na wakoloni tangu mwaka 1952, akajua jinsi mlango wa gereza unavyolia ukifungwa nyuma ya mtu.

Mwezi wa Machi 1969 Abdilatif akaanza kifungo cha miaka 3. Mwaka ule ule, katika Julai, Tom Mboya aliuawa Nairobi. Katika Oktoba yakatokea maafa ya Kisumu, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Odinga naye akawekwa kizuizini. Kenya ikabaki na chama kimoja. Kijana wa Mombasa alikuwa gerezani mambo haya yote yakitokea.

Alifungwa katika gereza kuu la Kamiti, karibu na Nairobi, naye alitengwa peke yake, mbali na wafungwa wengine. Wasikilizaji wetu wa Kirando wazoea kuishi na watu. Hata mvuvi akienda ziwani usiku haendi peke yake, na taa za mitumbwi mingine huziona zikimeta mbele yake na nyuma yake. Basi fikirini mtu aliyewekwa katika chumba kimoja, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, hana wa kumwamkia wala wa kumwitikia. Adhabu ya namna hiyo haiupigi mwili. Yaipiga akili, mpaka mtu aanze kusahau sauti yake mwenyewe.

Na hapa ndipo ufundi wa washairi wa zamani ulipomfaa. Shairi la Kiswahili lina mizani na vina. Shairi la kawaida huwa na mistari minne katika kila ubeti, na kila mstari mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na vina katikati na mwisho. Wengine husema kwamba kanuni hizi ni pingu, zamfunga mshairi asiseme atakalo. Sisi twadhani kwamba kwa mtu aliyekosa karatasi kanuni hizi ni kama kamba za mzigo: zalifunga neno lisidondoke njiani. Mtu aweza kutunga ubeti kichwani, akauhesabu kwa vidole, akalala, akaamka asubuhi akaukuta mahali pale pale alipouacha. Habari za gazeti haziwezi kukaa kichwani hivyo.

Hata hivyo kichwa chajaa, na mtu ataka kuandika. Hakuruhusiwa kuandika mashairi. Karatasi aliyokuwa nayo ilikuwa ile inayotolewa kwa ajili ya msalani, na juu ya karatasi hiyo, kwa siri, ndiko alikoyaandika mashairi yake. Na zikatolewa nje pasipo wakuu wa gereza kujua. Twaomba radhi kwa wale watakaoona haya kulisikia jambo hili katika mazungumzo ya adabu, lakini ni historia, wala haifai kufichwa. Vitabu vingapi vizuri vimepigwa chapa juu ya karatasi nyeupe, navyo havina ndani yake neno moja la kukumbukwa!

Sasa tuseme kidogo juu ya mashairi yenyewe. Hatutayasoma hapa, kila mtu ayatafute kitabuni. Twataka tu kuonyesha namna alivyofumba.

Liko shairi linaloitwa Mamba. Mshairi asimulia habari ya mamba aliyemo mtoni, mwenye kiburi, ajionaye hodari, adhaniye kwamba ataishi milele; naye amkumbusha kwamba siku yake itafika na nguvu zake zitakoma. Ni shairi fupi, na maneno yake ni mepesi. Sisi watu wa ziwani hatuhitaji kufundishwa mamba ni nini. Tangu utoto twaambiwa tusiteke maji penye matete, na mama zetu huangalia kwanza ndipo watie ndoo. Tulipolisoma shairi hili chuoni, kijana mmoja wa pwani ya ziwa alisema kwa moyo safi kwamba mshairi huyu bila shaka amewahi kukaa karibu na maji, kwa jinsi alivyoijua tabia ya mnyama yule. Wenzake wakacheka. Tukawakataza wasicheke, kwa maana kijana yule alikuwa amefanya sawasawa na lile ambalo mshairi alitaka askari wa gereza wafanye. Kama karatasi ile ingalikamatwa, nani angaliweza kumshitaki mtu kwa kumtukana mamba? Lakini raia wa Kenya waliolisoma walijua mto ni upi na mamba ni nani. Na mshairi mwenyewe, mwanzoni kabisa mwa shairi, asema wazi kwamba analifumba, wafumbue wawezao.

Liko jingine, Kuno Kunena, maana yake huku kusema. Humo auliza sababu ya kusema kwake kumfanya afungiwe. Amelitunga kwa kuzirudia herufi za k na n mstari baada ya mstari, hata ulimi wa msomaji waanza kujikwaa. Wengine husema ni mchezo wa maneno tu. Sisi twaona kwamba msomaji akijikwaa apata kuonja kidogo ugumu wa kusema mahali ambapo kusema kumekatazwa.

Katika Mnazi: Vuta N'kuvute, watu wawili, Alii na Badi, washindana juu ya mti mmoja wa mnazi. Huyu adai ni wake, yule adai ana haki yake ndani yake. Mkulima wa Ufipa asiyepata kuuona mnazi aweza kuuweka mbuga au shamba la bonde mahali pa mnazi, na habari itabaki ile ile: mali ya urithi, ndugu wawili, na mmoja ajionaye mwenye haki zaidi kwa kuwa yeye ndiye aliye juu ya mti.

Na liko lile liitwalo N'shishiyelo ni Lilo, yaani nililolishika ni lile lile. Pamoja na lile la Siwati, ambalo maana yake ni siachi, hili ndilo jibu lake kwa waliomfunga. Serikali nyingi humfunga mtu ili atoke na kusema nimekosa, nisameheni. Mtu akitamka hivyo, serikali yapata faida mbili: yamnyamazisha, kisha yamtumia kuwanyamazisha wengine. Abdilatif hakulitamka. Alisema kwamba alilolishika hataliacha mpaka siku ya kuwekwa kaburini. Tukumbuke kwamba alikuwa peke yake, hana chama tena, kwa kuwa chama chake kilikuwa kimekwisha kufutwa. Viongozi wake walikuwa kizuizini. Wala hakukuwa na mtu wa kumpigia makofi. Ni rahisi kushikilia neno mbele ya watu wengi.

Alitoka gerezani mwezi wa Machi 1972. Mwaka 1973 mashairi yale yalipigwa chapa Nairobi na Oxford University Press katika kitabu kiitwacho Sauti ya Dhiki, na utangulizi wake uliandikwa na Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu na mwanachuoni wa Mombasa. Sasa sikieni jambo la ajabu. Kenya ilikuwa imeanzisha tuzo ya vitabu, ikapewa jina la mkuu wa nchi: Tuzo ya Jomo Kenyatta. Mwaka 1974 tuzo hiyo kwa upande wa Kiswahili ilitolewa kwa Sauti ya Dhiki. Hivyo kitabu kilichotungwa ndani ya gereza la serikali ya Kenyatta kilipewa heshima kwa jina la Kenyatta, na mamba yumo ndani yake. Hatujui kama kuna fumbo ambalo mshairi angaliweza kulitunga likalipita hilo.

Lakini tuzo haikumfanya mtu awe salama. Baada ya kufunguliwa, Abdilatif aliiacha Kenya, akaja kwetu Tanzania, akafanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko alikuwa katika kazi ya kukusanya na kueleza maneno kwa ajili ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mwaka 1981. Walimu wengi wa Rukwa waliokwisha kuifungua kamusi ile ili watafute maana ya neno hawajui kwamba miongoni mwa walioifanyia kazi alikuwamo mtu aliyefungwa kwa ajili ya maneno. Katika miaka ile pia alitafsiri riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, ikatoka mwaka 1976 kwa jina la Wema Hawajazaliwa. Nayo ni habari ya nchi iliyopata uhuru kisha ikaoza kwa rushwa. Hakuichagua bure.

Sisi Watanzania twafurahi kwamba nchi yetu ilimpa mahali pa kukaa. Hata hivyo tusijivune kupita kiasi. Tanganyika nayo ilikuwa imepitisha mwaka 1962 sheria ya kumweka mtu kizuizini pasipo kupelekwa mahakamani, na wako waliowekwa. Nchi huweza kuwa mwenyeji mwema kwa mgeni, na papo hapo ikawa kali kwa mwana wa nyumbani.

Mwaka 1979 akaenda London, akatangaza katika Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na baadaye akawa mhariri wa gazeti la Africa Events. Kwa njia ya redio sauti yake ikasikika tena katika nchi ile iliyoifungia. Wakati huo wengine walikuwa wakipita njia aliyoipita yeye. Ngũgĩ wa Thiong'o aliwekwa kizuizini Kamiti tangu mwisho wa mwaka 1977 mpaka Desemba 1978, naye aliandika riwaya ya Kigikuyu juu ya karatasi za msalani, kama mwenzake wa Mombasa alivyofanya. Alamin Mazrui, mtu wa Mombasa pia, alizuiliwa mwaka 1982, na mashairi yake ya kizuizini yakatoka mwaka 1988 kwa jina la Chembe cha Moyo. Huko London Abdilatif aliungana na wengine kudai wafungwa wa siasa wa Kenya waachiliwe.

Kisha, mwaka 1995, akaitwa Ujerumani kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Hakuwa Mswahili wa kwanza kufundisha huko. Wajerumani walianza kusomesha Kiswahili mjini Berlin mwaka 1887, ili maofisa wao wajue kuzitawala nchi zetu. Na Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeishi Bagamoyo, aliwafundisha huko Berlin, akafa huko mwaka 1927. Wale waliotumwa maboma kama Bismarckburg walihitaji Kiswahili cha kuamrisha. Wanafunzi wa Abdilatif walikuwa watu wa namna nyingine; walikuja kusoma tenzi na mashairi.

Na mji wenyewe haukuwa mgeni wa habari hizi. Leipzig ilikuwa katika upande wa mashariki wa Ujerumani, uliotawaliwa na chama kimoja tangu mwaka 1949. Mwandishi mmoja wa mji huo, Erich Loest, alikamatwa mwaka 1957 kwa ajili ya siasa, akakaa gerezani Bautzen mpaka mwaka 1964. Wolf Biermann, mshairi na mwimbaji wa Berlin ya Mashariki, alikatazwa kuimba mbele ya watu tangu mwaka 1965. Na mwaka 1976, alipokuwa amekwenda kuimba upande wa magharibi, serikali yake ilimvua uraia, asipate kurudi kwake. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wa Leipzig wapatao 70,000 waliandamana usiku mjini, pasipo silaha, na askari hawakupiga risasi. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Kwa hiyo mwalimu kutoka Mombasa alipofika miaka sita baadaye na kusimulia jinsi serikali ilivyouogopa waraka wake, katika darasa lake walikuwamo vijana ambao wazazi wao waliyajua mambo hayo bila ya kuelezwa sana.

Alifundisha Leipzig mpaka mwaka 2011. Mwaka 2016 kitabu kizima juu ya maisha yake na mashairi yake kilipigwa chapa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota, na Ngũgĩ wa Thiong'o ni mmoja wa walioandika ndani yake, pamoja na Sheikh Abdilahi Nassir, ndugu yake. Lile swali la Novemba 1968 lajadiliwa humo wazi wazi, na mtu huweza kukinunua dukani pasipo kutazama nyuma yake.

Neno la mwisho ni kwa walimu na wanafunzi watakaotaka kukisoma Sauti ya Dhiki. Mashairi yake ni ya Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, na mtu wa kwetu Ufipa aliyezoea Kiswahili cha shule huenda akakata tamaa katika ukurasa wa kwanza. Asikate tamaa. Mwalimu aandike maneno machache ubaoni kabla ya kuanza: kuwata ni kuacha; mato ni macho; muyi ni mji; kuno ni huku. Na neno moja jingine, ambalo watalikuta mara kwa mara katika ushairi wa pwani: ndia, ambayo ni njia.